Kitanda kimoja cha samadari, varianti 960: nifute nianze upya?

*"Assalaamu alaykum. Tuna karakana ya samani Fuoni, Zanzibar, aliyoianzisha baba. Tunatengeneza vitanda vya samadari, makasha na milango ya nakshi. Wateja wetu ni watu wa majumbani na hoteli za Paje na Nungwi. Mwaka jana tuliacha daftari tukahamia Odoo, programu ya kompyuta ya kuendeshea biashara, na mimi ndiye niliyeingiza bidhaa. Kwa kitanda cha samadari niliweka sifa sita: mbao (msaji, mvule, mkangazi, mwembe), kipimo (tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita), nakshi tano, rangi tatu za vanishi, matendegu mafupi au marefu ya chandarua, na droo au bila droo. Programu ikaniumbia varianti 960, yaani kila muungano wa sifa hizo ukawa peke yake. Nilipotaka kuongeza rangi ya nne ikakataa kabisa. Droo niliiongeza baadaye, wakati wa Ramadhani, na tangu siku ile vitanda kumi na kimoja vilivyokuwa stoo havionekani, programu inasema sifuri. Gharama niliiandika kwenye bidhaa lakini ripoti ya faida inaonyesha gharama sifuri. Kaka yangu anataka kila kitanda tukiandike bidhaa mbali mbali. Fundi mkuu anataka turudi kwenye daftari. Na milango nitaiwekaje, kwa kuwa kila mmoja una kipimo chake? Je, nifute kila kitu nianze upya?"*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Usifute kitu. Vitanda vyako kumi na kimoja havijapotea, nitakuonyesha vilipojificha. Na kosa lenyewe nimelikuta karibu kila pahala nilipoitwa tangu nianze kazi ya kuwawekea watu programu hizi. Nililifanya hata mimi, tena kwa bidhaa nyepesi kuliko yako: kanzu. Nilimwekea mshonaji mmoja rangi, urefu, aina ya shingo na rangi ya kazi ya kifuani, nikajiona hodari. Wiki ya pili akaniita dukani. Yuko mbele ya skrini, orodha haina mwisho, na mteja amesimama anasubiri kanzu moja nyeupe ya namba 56.

Kwa hiyo nianze na pale tulipokosea sote wawili. Tunadhani varianti ni maelezo: kitanda hiki cha msaji, kile cha mkangazi, hiki kina waridi. Kwenye programu varianti si maelezo, ni bidhaa kamili. Ina namba yake, hesabu yake ya stoo, gharama yake, na kanuni yake ya lini iagizwe tena. Kila varianti inapozaliwa, ni kama umefungua ukurasa mpya katika daftari la stoo. Wewe umefungua kurasa 960 kwa kitanda kimoja, na karibu zote ni tupu.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha, ndipo inapotuponyoka, kwa sababu kichwani tunajumlisha. Mbao nne mara vipimo vinne ni 16. Mara nakshi tano, 80. Mara rangi tatu, 240. Matendegu, 480. Droo, 960. Rangi ya nne uliyoitaka ingefikisha 1,280, na Odoo kwa kawaida ina ukomo wa varianti 1,000 kwa bidhaa moja, ndiyo maana ikakataa. Atatokea kijana wa kompyuta akwambie ukomo huo unaweza kupandishwa. Anasema kweli. Mkatalie.

Dawa ni kuipitia kila sifa na kuiuliza swali moja: nikiingia stoo kuhesabu, hivi viwili nitavihesabu mbali mbali? Ikiwa ndiyo, sifa hiyo izae varianti. Ikiwa siyo, iandikwe kwenye oda tu, na Odoo inakuruhusu. Ukifungua sifa yenyewe, kuna sehemu inayouliza varianti ziundwe lini, na majibu ni matatu: papo hapo, pale mteja anapoagiza, au kamwe. Wewe uliziacha zote kwenye papo hapo kwa sababu ndivyo zinavyokuja.

Kipimo hakina mjadala. Kitanda cha nne kwa sita hakiwi sita kwa sita kwa kumwomba Mungu. Mbao vile vile: mteja aliyelipia msaji humpi mwembe. Hizo mbili zizae.

Vanishi ni jambo jingine. Fundi wako anapaka lini? Mwisho kabisa, baada ya msasa, mara nyingi mteja akishalipa arubuni. Mpaka siku hiyo vitanda vyote stoo ni vyeupe. Ukivigawa kwa rangi tatu unahesabu kitu ambacho bado hakijatokea. Rangi iwe "kamwe": muuzaji ataichagua, itachapwa chini ya jina la kitanda kwenye oda, na haitazaa ukurasa wowote. Viwili vitatu vya maonyesho vilivyokwisha kupakwa, vifungie kikaratasi. Ila kama una desturi ya kuweka dukani vitanda vya rangi nyeusi vingi vikisubiri wateja, basi rangi imeshakuwa kitu cha kuhesabiwa, na jibu langu linageuka. Mwamuzi ni stoo yako.

Droo umeiweka kuwa sifa ya kitanda, na hapa ndipo ninapotofautiana nawe kabisa. Droo inasukumwa chini ya uvungu. Inaweza kutengenezwa Jumatatu na kitanda Alhamisi, na mteja wa mwaka jana anaweza kurudi kuitaka peke yake. Hiyo ni bidhaa inayojitegemea. Ifungulie ukurasa wake, kisha kwenye kitanda iweke kama bidhaa ya kupendekeza, ili muuzaji akumbushwe kuuliza.

Matendegu mwulize fundi. Kama nguzo za chandarua zinachomekwa juu ya tendegu fupi, seti ya nguzo nne nayo ni bidhaa mbali, kama droo. Kama tendegu limekerezwa kipande kimoja toka sakafuni hadi juu, basi ni kitanda kingine na sifa hiyo izae. Nadhani yenu ni ya kukerezwa, maana hoteli ndizo zinazopenda hivyo, kwa hiyo nitahesabu hivyo: mbao nne, vipimo vinne, matendegu mawili, jumla 32. Na sidhani kama fundi anayejiheshimu atakereza nguzo ndefu za mwembe. Odoo inakuwezesha kupiga marufuku muungano kama huo, yaani ukichagua mwembe, matendegu marefu yasichaguliwe. Zinabaki 28. Orodha ya 28 mtu anaisoma yote akiwa amesimama.

Nakshi ndiyo iliyonifikirisha. Haibadilishi mbao, inabadilisha siku za mchongaji. Waridi na mnyororo huenda vinakwisha haraka, yungiyungi lililojaa mchago mzima linamweka mtu chini muda mrefu. Ukiifanya izae, unarudi kwenye mamia. Ukiiweka "kamwe" na kuipachika nyongeza ya bei, bei itatoka sawa lakini gharama ya mchongaji haitaingia popote, na ripoti ya faida itakudanganya kwa upande mwingine. Mimi ningeitenga katika vipande viwili. Jina la nakshi libaki sifa ya "kamwe" kwenye kitanda, bila bei, ili oda iseme kinachochongwa. Pesa yake iende kwenye mstari wa pili wa oda: "Kazi ya nakshi", bidhaa ya aina ya huduma, yenye varianti tano kwa nakshi zako tano. Huduma haihesabiwi stoo, kwa hiyo haikusumbui. Na kama mnamlipa mchongaji kwa kipande, malipo yake ndiyo gharama ya mstari huo, mambo yanakutana. Kasoro yake ni kwamba mteja anaiona bei ya nakshi peke yake na anaweza kuanza kupatana hapo hapo. Wako wafanyabiashara wasiopenda hilo. Ukiwa mmoja wao, fungua bidhaa mama mbili (mama ni ile inayozaa, varianti ndizo watoto wake), samadari ya nakshi nyepesi na samadari ya nakshi nzito, kila moja na 28 zake. Ni nzito kidogo kuitunza lakini inafanya kazi.

Sasa tuingie kwenye bei, kwa sababu upunguzaji huu faida yake kubwa iko huko. Nyongeza ya bei kwenye sifa ni kiasi kilichofungwa, na zikiwa nyingi zinajumlishwa, hazizidishwi. Tuseme kitanda cha mwembe cha tatu na nusu ni shilingi 600,000. Umeandika msaji unaongeza 500,000 na kipimo cha sita kwa sita kinaongeza 350,000. Programu itauza sita kwa sita ya msaji kwa 1,450,000. Lakini ule msaji wa 500,000 uliukadiria kwa kitanda chembamba! Sita kwa sita kinakula mbao zaidi, na mbao hizo ni za msaji, si za mwembe. Kila ukiuza kitanda kikubwa cha mbao ghali unajipunja, na ukiipandisha nyongeza ili kuziba pengo, kidogo cha mbao ghali kinakuwa ghali mno na huenda unamfukuza mteja. Kwa varianti 960 hakuna la kufanya. Kwa 28, kaa na kaka yako alasiri moja na mwandike bei ya kila varianti kwenye orodha ya bei, moja moja. Tahadhari moja tu: bei iliyofungwa hivyo huimeza nyongeza yoyote ya sifa za "kamwe", haiongezi juu yake. Ndiyo sababu nyingine ya kuipeleka pesa ya nakshi kwenye mstari wake.

Gharama sifuri nayo ina kisa chake. Uliiandika siku bidhaa ilipokuwa bado haina sifa, sivyo? Gharama hukaa kwa mtoto, haikai kwa mama. Ulipoongeza sifa, watoto wakazaliwa, kila mmoja na gharama sifuri, na sasa ukifungua ukurasa wa mama hata sehemu ya kuandikia gharama huioni. Usiende kuziandika kwa mkono. Waache watoto wazipate kutoka kwenye orodha ya vifaa, yaani ile inayosema kitanda kimoja kinakula nini.

Na orodha ya vifaa usitengeneze 28. Moja inatosha, ikiwa utaiandika kama fundi anavyokiona kitanda. Mwombe akupangie sakafuni vitanda viwili vya mbao moja visivyounganishwa, cha nne kwa sita na cha sita kwa sita. Mifumbati miwili ya ubavuni ni ile ile, kwa sababu vipimo vyako vyote vinne vina urefu wa futi sita. Matendegu ni yale yale. Skrubu na gundi, yale yale. Kinachotofautiana ni mchago, ubao wa miguuni na chaga, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyokwenda kwa upana. Basi na kwenye programu iwe hivyo hivyo. Skrubu na gundi usiviwekee alama yoyote, vitaingia kwa kila kitanda. Mifumbati iandike mistari minne, mmoja kwa kila mbao, na kila mstari uuwekee alama ya mbao yake tu. Matendegu yaandike kwa mbao na kwa urefu. Mchago uandike kwa mbao na kwa kipimo: mstari wa mchago wa msaji wa futi nne uwe na alama mbili, "msaji" na "nne kwa sita", na utaitwa pale tu zote mbili zinapotimia.

Hapa watu huchanganyikiwa, kwa hiyo soma polepole. Alama mbili za sifa tofauti maana yake ni "na": lazima zote. Alama mbili za sifa moja maana yake ni "au": mstari wenye "nne kwa sita" na "tano kwa sita" unatumika kwa chochote kati ya hivyo. Nilikuta mahali fulani mtu ameweka alama za mbao zote nne kwenye kila mstari wa mbao, akidhani anaiambia programu ichague inayofaa. Kila kitanda kilichokwenda kutengenezwa kilipunguza msaji, mvule, mkangazi na mwembe kwa pamoja. Stoo ya mbao kwenye kompyuta ilikuwa imeshaingia hasi, na pale ukutani mbao zimejaa.

Sasa vitanda kumi na kimoja. Kabla ya droo ulikuwa na varianti 480. Ulipoongeza sifa mpya yenye machaguo mawili kwa mpigo, programu ilizitazama zile 480 ikaona hakuna hata moja inayojua kama ina droo au haina, basi hakuna inayolingana na muungano mpya wowote. Zisizowahi kutumika ikazifuta. Zilizowahi kuuzwa au kuingia stoo haiwezi kuzifuta, ikazificha, na ikazaa 960 mpya zenye sifuri. Vitanda vyako vimeshikamana na zile zilizofichwa. Nenda kwenye orodha ya varianti, weka kichujio cha zilizofichwa, utaziona.

Ungeweza kuliepuka hilo, na kwa kuwa litatokea tena kwenye bidhaa nyingine, lijue. Sifa mpya iongeze kwanza ikiwa na chaguo moja tu, lile linaloeleza vitu ulivyo navyo sasa, kama "bila droo", kisha hifadhi. Programu itaziandikia varianti zote za zamani "bila droo" bila kuzigusa. Halafu rudi uongeze chaguo la pili na uhifadhi tena. Za zamani zinabaki na hesabu zao, mpya zinazaliwa pembeni. Hatua mbili badala ya moja.

Marekebisho yenyewe sasa. Kwa bahati mbaya Odoo haikuruhusu kubadilisha jibu la "papo hapo" kuwa "kamwe" wakati sifa imeshatumika kwenye bidhaa. Kwa hiyo hutaitibu samadari ya zamani, utazaa mpya. Kwanza chukua nakala nzima ya hifadhidata na ufanye kila kitu kwenye nakala hiyo ya majaribio. Ninajua utataka kuruka hatua hii. Usiiruke. Kisha tengeneza sifa mpya za nakshi na vanishi zenye majina tofauti kidogo na za zamani, ili usizichanganye, na ujibu "kamwe" toka mwanzo. Tengeneza bidhaa mama mpya yenye zile 28, orodha yake ya vifaa, na bei. Ingiza oda moja ya uongo, sita kwa sita ya mvule yenye matendegu marefu na yungiyungi, uifuate mpaka kwenye oda ya kazi, na mwite fundi atazame orodha ya mbao inayotoka. Akisema "mchago huu mfupi", umeokoa wiki.

Likikubali kwenye nakala, chagua siku karakana imefungwa ulirudie kwenye mfumo wenyewe. Hesabu vitanda kwa macho, usitegemee kompyuta. Oda za zamani zilizo njiani ziache zimalizike kwenye bidhaa ya zamani. Vitanda visivyo vya oda hizo viondoe kwenye varianti za zamani, viingize kwenye mpya, na bidhaa ya zamani ikishabaki tupu ifiche. Isifutwe. Ina historia ya mauzo ya mwaka mzima, na historia hiyo ina kazi: itazame uone ni miungano mingapi iliyouzwa hata mara moja. Mshonaji wangu wa kanzu tulipotazama yake, zote zilitosha upande mmoja wa karatasi.

Varianti za kudumu zipe namba zinazosomeka: SAM-MSJ-4-F ni samadari, msaji, futi nne, fupi. Na kubalianeni jina moja la kila mbao. Ukiandika "msaji" na kaka yako akaandika "mtiki" ni mti mmoja wenye kurasa mbili, na haitachukua mwezi kabla hamjaanza kutuhumiana.

Makasha yafuate njia hiyo hiyo. Ni rahisi zaidi, na njumu ziandike kwenye orodha ya vifaa kwa uzito au kwa idadi, maana shaba ni ghali na ndiyo inayopotea.

Milango isizae varianti kwa kipimo hata kidogo. Umewahi kupima uwazi wa mlango kwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, juu inchi 44, chini 45 na nusu, na kushoto kumekaa kando. Kipimo hicho hakitarudi tena duniani. Kukifanya varianti ni kuzaa bidhaa itakayouzwa mara moja na kukaa kwenye orodha milele. Ila kuna tofauti moja kwenye milango ambayo hata sifa haiitoshi. Mlango wa kizingiti kilichonyooka, wa mtindo wa Kiarabu, na mlango wa kizingiti cha upinde, wa mtindo wa Kihindi, havitengenezwi kwa njia moja: upinde una kazi yake ya kukata na kuunga ambayo mwingine hauna. Fungua bidhaa mama mbili. Chini ya kila moja sifa inayozaa iwe mbao peke yake. Kipimo kiwekee chaguo la maandishi huru, ambalo Odoo inalo, ili aliyekwenda kupima aandike upana wa juu, wa chini na urefu. Orodha ya vifaa ibebe makadirio ya mlango wa kawaida, yaani miimo, mfaa, kizingiti na mbao za bawa, na fundi asahihishe kiasi kwenye oda ya kazi yenyewe baada ya kukata. Bei ya mlango haitatoka kwenye programu, itatoka kichwani mwenu baada ya kupima, na mtaiandika kwa mkono. Wala si aibu. Kuna kazi ambazo kompyuta inazipokea tu, haizikadirii.

Kaka yako ana hoja nusu. Kuandika kila kitanda bidhaa mbali kunafaa mtu mwenye bidhaa nane zisizobadilika. Kwa 28 utalazimika kuandika orodha za vifaa 28, na siku bei ya gundi au aina ya skrubu ikibadilika uzipitie zote. Pia asidhani programu nyingine ingewaepusha na kufikiri huku. Kwenye ERPNext bidhaa mama haiingii kwenye oda kabisa, ni watoto tu wanaouzwa. Microsoft Dynamics 365 Supply Chain Management inakulazimisha kuchagua mapema moja ya njia tatu, kuanzia varianti zilizoandikwa kabla hadi muundo wa masharti unaokokotoa kitanda papo kwa papo. Hiyo ya mwisho ni tamu kwa kiwanda kikubwa chenye mtu wa kuitunza, lakini si kwa Fuoni. Majina ya vitufe yatabadilika, swali la stoo litabaki lile lile.

Kazi kubwa ya haya utaiweza mwenyewe. Pahala pawili usiingie peke yako. Pa kwanza ni kama programu yako inaandika thamani ya stoo moja kwa moja kwenye vitabu vya mahesabu: kuhamisha vitanda kumi na kimoja kutoka bidhaa moja hadi nyingine kutaandika hasara upande mmoja na faida upande wa pili, na kwa kuwa gharama za zamani ni sifuri, pande hizo hazitalingana. Mhasibu wako akae nawe siku hiyo, khasa mkiwa hamjafunga mwaka. Pa pili ni kama mfumo umeunganishwa na risiti za Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) au na duka la mtandaoni. Mwite aliyeuunganisha aje karakana, asielekeze kwa simu, atazame namba za bidhaa kabla ya kuficha chochote.

Na fundi mkuu mwambie daftari asilitupe. Jina "yungiyungi" kwenye oda halimwambii mchongaji majani mangapi wala yakae wapi. Ile michoro yake ya penseli ndiyo inayosema. Ipige picha, kurasa kwa kurasa, na kila oda ya hoteli iambatishiwe picha yake kabla mbao haijaguswa.